Uso wa Anayeogopa

Mama anamtuma binti yake akanunue unga wa mahindi. Ni usiku, katika mji mdogo wa New Mexico, na habari zimeshaenea kwamba chui mweusi aliyekodishwa ili kuitangaza klabu ya usiku ameponyoka. Teresa hataki kwenda. Anajivuta, anatoa visingizio, na mdogo wake anamcheka huku akiunda kivuli cha chui ukutani kwa vidole. Mama hana muda na upuuzi huo, kwa sababu baba atarudi na njaa. Anamtoa binti nje kwa ufagio na kuukomea mlango.

Duka la karibu limefungwa na mwenye duka hataki kulifungua tena. Teresa anakwenda la mbali, anapita chini ya daraja la reli, na wakati wa kurudi anamwona mnyama. Anakimbia. Kamera inakimbia naye kidogo, kisha inamwacha na kumtangulia nyumbani, ndani, upande wa mama. Kuanzia hapo tunachokipata ni sauti tu. Binti anabisha na kuomba afunguliwe. Mama anadhani ni ujanja wa mtoto mvivu, anamjibu kwa kejeli. Kisha unatoka ukelele ambao hauwezi kuwa ujanja. Mama anarukia komeo, nalo limekwama. Anahangaika, anapiga kelele, na kule nje kunakuwa kimya. Chini ya mlango unapenya mstari mwembamba wa damu na kutambaa sakafuni.

Filamu hiyo ni The Leopard Man ya mwaka 1943, iliyoongozwa na Jacques Tourneur, na yote ina dakika 66. Chui hatumwoni akimrarua mtu. Tunamwona mwanamke mmoja, jikoni kwake, akipita katika hali tatu kwa muda usiotosha kuchemsha chai: hasira ya kawaida ya mzazi, mashaka, halafu ujuzi wa jambo ambalo hataweza kujisamehe. Mwongozaji amekata shauri kwamba kinachotisha zaidi usiku ule si meno ya mnyama, ni uso wa aliyefunga mlango.

Shauri hilo ndilo linalozifunga pamoja filamu nitakazozijadili katika sura hii. Kamera ya filamu hizi humtazama zaidi anayeogopa kuliko kinachoogopwa. Ukishaamua hivyo, mzigo wote unahama: unatoka kwa fundi wa vidonda bandia na kumwangukia mwigizaji, mpiga picha na mtu wa sauti. Na hapo ndipo filamu hizi zilipodhulumiwa. Zinauzwa katika duka moja na zile za mapanga na misumeno, mteja anayetaka damu anatoka amenuna, na yule ambaye angezipenda hata haingii dukani.

Tuanze na mtu aliyeifanya njia hii kuwa kanuni, ingawa alisukumwa nayo na uhaba wa fedha. Val Lewton alizaliwa Yalta mwaka 1904 kwa jina la Vladimir Leventon, akapelekwa Marekani akiwa mtoto pamoja na mama na dada yake. Shangazi yake au mama yake mdogo, kwa hesabu zetu ni mama mdogo, alikuwa Alla Nazimova, mwigizaji aliyewika jukwaani na katika sinema zisizo na sauti. Lewton aliandika riwaya za haraka za kujipatia riziki, kisha akawa mhariri wa hadithi kwa mtayarishaji David O. Selznick. Mwaka 1942 studio ya RKO, iliyokuwa imeyumba kifedha baada ya Orson Welles kuitengenezea Citizen Kane na The Magnificent Ambersons, ilimpa kitengo kidogo cha filamu za kutisha. Masharti yalikuwa matatu. Kila filamu isizidi dola 150,000. Isizidi dakika 75. Na jina la filamu litachaguliwa na wakubwa, yeye atafute hadithi ya kulivisha.

Jina la kwanza aliloletewa lilikuwa Cat People. Mtu mwingine angemvika mwigizaji manyoya na kucha, akamaliza kazi. Lewton, mwandishi DeWitt Bodeen na Tourneur walitengeneza hadithi ya Irena, msichana kutoka Serbia anayechora mitindo ya nguo New York, anayeamini kwamba amerithi laana ya kijiji chake: akibusiwa kwa mapenzi, atageuka chui na kuua. Anaolewa na mwanamume mwema na mzito wa kuelewa. Ndoa inabaki karatasi tu. Mume anaanza kumweleza shida zake mwanamke anayefanya naye kazi, Alice. Ukiondoa chui, ni hadithi ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha usuluhishi wa ndoa ataitambua.

Simone Simon, Mfaransa aliyemwigiza Irena, alikuwa na uso wa duara kama wa mtoto na macho yaliyokaa mbalimbali, na Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi nzito. Hollywood haikujua imfanyie nini. Hapa lafudhi inakuwa upweke. Mtazame katika karamu ya arusi, mgahawani, wakati mwanamke asiyemjua, mwenye sura ya paka kabisa, anapokuja mezani na kumwita dada yangu kwa Kiserbia. Mwanamke yule anaondoka na haonekani tena kwenye filamu. Wageni wengine wanacheka. Simon hacheki, wala hapigi kelele. Anajivuta ndani ya nafsi yake kama mtu aliyesikia jina la ukoo alioukana mbele za watu.

Kuna matukio mawili ambayo kila anayeandika juu ya filamu hii huyataja, nami sitajifanya mjanja wa kuyaruka. La kwanza ni Alice akitembea peke yake usiku kando ya ukuta wa bustani ya Central Park. Hakuna muziki. Kuna visigino vyake tu, na nyuma yake visigino vingine, vya Irena. Taa za barabarani zinaacha madoa ya mwanga na kati ya doa na doa ni giza. Halafu visigino vya nyuma vinakoma. Alice anageuka, haoni mtu. Anaongeza mwendo. Pale unapohisi kitu kinaruka, kinaingia kishindo cha mngurumo, na ni basi linalofunga breki mbele yake. Mshtuko huo umeigwa mpaka ukachosha. Mafundi wa filamu wenyewe waliupa jina la basi. Lakini waigaji wengi walichukua kishindo wakaacha dakika nzima ya visigino iliyotangulia, na dakika ile ndiyo yenye thamani.

La pili ni bwawa la kuogelea, chini ya jengo analoishi Alice. Anasikia mnyama, anaogopa, anajitupa majini. Maji yanatupa mwanga unaocheza darini na kutani, na ndani ya mwanga huo kuna kivuli kinachopita, au pengine hakipo. Alice anazunguka katikati ya bwawa akipiga kelele. Kisha taa inawashwa, na Irena amesimama ukingoni na koti lake, anauliza kwa upole kuna nini. Tabasamu la Simon hapo ni dogo sana. Ndani yake kuna mke anayejua amemtia adabu mwanamke mwenzake, na kuna msichana anayeogopa kile alichokuwa sekunde chache zilizopita. Joho la Alice limepatikana limechanwa vipandevipande.

Wakubwa wa RKO hawakuridhika. Walitaka chui aonekane, na katika tukio la ofisini, ambapo mume na Alice wamebanwa kati ya meza za kuchorea, chui mweusi anaonekana kweli kwa muda mfupi. Hiyo ni sehemu dhaifu kuliko zote za filamu. Paul Schrader aliporudia hadithi hii mwaka 1982, akiwa na Nastassja Kinski, rangi, uchi na damu kwa wingi, alirudia pia basi na bwawa. Ni filamu yenye uzuri wake, lakini matukio yale mawili yanakaa pale kama wageni waliokuja kwa heshima ya marehemu.

Lewton alitengeneza filamu tisa za kutisha kwa RKO ndani ya miaka minne hivi. I Walked with a Zombie ya 1943 ina jina la aibu, na ndani yake kuna kisa kilichochotwa kwa sehemu kutoka riwaya ya Jane Eyre, kikahamishiwa kisiwa cha Karibi ambako watu weusi ndio wanaoijua historia na wazungu wenye shamba wanaishi ndani ya uongo wao. Nesi anamwongoza mgonjwa wake usiku katika shamba la miwa mpaka ngomani, na kwa muda mrefu hatusikii neno, ila upepo na majani. The Seventh Victim ya mwaka huohuo ni ya huzuni kuliko zote: Jean Brooks, mwenye nywele nyeusi zilizokatwa sawasawa juu ya macho, anaonekana kwa muda mfupi mno kwa mtu anayetafutwa filamu nzima, na bado ukimaliza ni yeye tu unayemkumbuka. Lewton mwenyewe alikufa kwa maradhi ya moyo mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 46.

Nafungua mabano kidogo. Kwenye vibanda umiza vyetu, ambako mtafsiri hujaza kila kimya kwa utani na mbwembwe, filamu za namna hii zingekuwa na maisha magumu. Mtafsiri hodari anahitaji ngumi, gari, mtu anayekimbizwa. Umpe dakika ya mwanamke anayesikiliza visigino, atasema nini? Akisema lolote ameiharibu. Silaumu vibanda, nimecheka sana humo. Nasema tu kwamba kimya ni sehemu ya mazungumzo ya filamu hizi, na anayekiziba amefuta nusu ya maneno.

Mwaka 1961, Uingereza, Jack Clayton aliichukua hadithi ya Henry James, The Turn of the Screw, iliyotoka mwaka 1898, na kutengeneza The Innocents. Skripti iliandikwa na William Archibald, aliyekwisha kuigeuza hadithi hiyo kuwa tamthilia, pamoja na Truman Capote. Binti wa kasisi anaajiriwa na tajiri mmoja kuwafundisha na kuwalea wapwa zake wawili, yatima, katika jumba la shambani liitwalo Bly. Sharti la tajiri ni moja: asisumbuliwe kwa lolote. Mwalimu anafika, anawapenda watoto mara moja, kisha anaanza kuwaona watu wawili waliokwisha kufa: mtumishi Peter Quint na mwalimu aliyemtangulia, Miss Jessel. Anaamini wafu hao wanawataka watoto. Hakuna mwingine anayekiri kuwaona.

Deborah Kerr ndiye mwalimu. Alikuwa karibu kutimiza miaka 40, wakati mwalimu wa kwenye kitabu ni msichana wa miaka 20. Wapo walioona hilo ni kasoro. Mimi naliona kuwa ndilo lililoipa filamu makali yake. Ujinga wa msichana wa miaka 20 ni wa umri, utapita. Mwanamke wa miaka 40 aliyekulia katika nyumba ndogo ya kasisi na hajawahi kupendwa ana kitu kingine kifuani, kitu kilichokaa muda mrefu bila hewa. Tazama anavyomsikiliza yule tajiri mwanzoni, anavyojizuia asitabasamu mno. Kabla mzimu wowote haujatokea, Kerr amekwisha kutuonyesha mtu ambaye akili yake inaweza kuwaumba.

Watazamaji wa wakati ule walikuwa wamemwona miaka mitano kabla katika The King and I, akiwafundisha watoto wa mfalme wa Siam kwa nyimbo na magauni yaliyotanuka. Clayton anaitumia kumbukumbu hiyo. Tunamwamini Kerr kwa sababu tumezoea kumwamini, na filamu inatuachia tujitie kitanzi wenyewe. Sauti yake ni tulivu, adabu yake kamili, na kadiri inavyoendelea, utulivu uleule unaanza kutisha. Anapomshika Flora, mtoto mdogo wa kike, na kumlazimisha akiri kwamba amemwona Miss Jessel ng'ambo ya ziwa, mtoto analia kwa sauti ya kuumiza masikio. Hapo hujui tena umwogope nani.

Tukio lenyewe la ziwani linafaa kusomwa na kila anayedhani mzimu unahitaji usiku. Ni mchana. Mvua imeanza. Mbali, katikati ya matete, amesimama mwanamke wa nguo nyeusi. Hasogei, hafanyi ishara, na umbali ni mkubwa kiasi kwamba sura yake haisomeki vizuri. Hofu yote inatoka kwa Kerr, ambaye kwanza anakodoa macho kama mtu anayetafuta maelezo ya kawaida, na unayaona maelezo hayo yakimwishia moja baada ya jingine.

Mpiga picha alikuwa Freddie Francis, na kazi yake hapa ilizaliwa katika ugomvi na kipimo cha skrini. Studio ya 20th Century Fox ilitaka filamu ipigwe kwa CinemaScope, yaani picha pana sana, ambayo Clayton hakuitaka. Jumba na siri zake linahitaji kubana, na picha pana inaachia nafasi pembeni. Francis alitengeneza vichujio vya lenzi vilivyopakwa rangi pembeni, ili ncha za picha zizame gizani na mwanga ubaki katikati. Kwa hiyo Kerr anapotembea usiku kwenye korido ndefu na kinara cha mishumaa, giza halimzunguki tu kwenye hadithi, limo ndani ya kioo cha kamera. Macho ya mtazamaji hayatulii. Yanakwenda pembeni kuchungulia, yanarudi kwenye uso wake, yanakwenda tena.

Kuna jambo moja ambalo filamu inalifanya kwa werevu, na nimeona wachambuzi wengi wakilipita haraka. Katika chumba cha masomo, mwalimu anamwona Miss Jessel ameketi mezani analia. Mzimu unatoweka. Mwalimu anasogea, na kwenye kibao cha kuandikia kuna tone la chozi. Analigusa, nalo ni maji kweli. Wanaosema kwamba kila kitu kimo kichwani mwake wanapaswa kulieleza tone hilo. Wanaosema mizimu ipo wanapaswa kueleza kwa nini ni yeye tu anayeligusa. Clayton ameweka uzito huohuo pande zote mbili za mizani na kuondoka.

Kerr aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike mara sita katika maisha yake, na hakushinda hata mara moja mpaka alipopewa ya heshima mwaka 1994. The Innocents haimo katika zile sita. Wako waliowahi kutuzwa kwa filamu za kutisha, kama Ruth Gordon kwa Rosemary's Baby na Kathy Bates kwa Misery, lakini angalia ni tuzo za namna gani: jirani mchangamfu anayekera, shabiki kichaa mwenye nyundo. Ni nafasi zinazoonekana kutoka mbali. Anayeogopa polepole, kwa adabu, hana bahati hiyo.

Mwaka mmoja baada ya The Innocents, mbali kabisa na studio kubwa, watu wa Lawrence, Kansas, walitoa Carnival of Souls. Herk Harvey alikuwa mwongozaji katika kampuni ya Centron, iliyotengeneza filamu za mafunzo za viwandani na mashuleni. Akiendesha gari kupita Utah aliliona Saltair, banda kubwa la starehe lililoachwa ukiwa kando ya ziwa la chumvi, akaamua kuna filamu pale. Alikusanya dola 33,000 hivi, mwenzake wa kazini John Clifford akaandika skripti, na kazi ikapigwa kwa wiki chache. Haikuwahi kufuatwa na filamu nyingine ya hadithi kutoka kwake.

Gari linatumbukia mtoni, na saa kadhaa baadaye msichana mmoja, Mary, anatoka majini akiwa hai. Anahamia Salt Lake City kupiga kinanda kanisani. Mtu mwenye uso mweupe, ambaye ni Harvey mwenyewe, anaanza kumtokea. Ukiuliza watu watasema uigizaji wa humo ni mbovu, na kwa waigizaji wadogo wana haki. Lakini Candace Hilligoss, aliyefundishwa New York na Lee Strasberg, anafanya kitu kigumu: anaigiza mtu ambaye maisha hayamshiki. Hana hamu ya marafiki, hana imani katika kanisa analolipigia kinanda, na jirani mlevi wa mapenzi anapomganda anaonyesha kwamba anamvumilia kwa sababu tu usiku anaogopa kuwa peke yake. Katika tukio moja yuko dukani anajaribu gauni, na akitoka sauti zote za dunia zimekatika. Wauzaji hawamwoni. Anapiga kelele barabarani, na hatusikii magari wala nyayo, ila yeye tu. Bila rangi wala damu wala fedha, fundi wa sauti amemtoa mtu duniani. Kilichobaki ni macho ya Hilligoss, yaliyopanuka, ya mtu anayeanza kushuku jambo ambalo sisi pia tumeanza kulishuku.

The Haunting ya Robert Wise, 1963, inajulikana zaidi, kwa hiyo sitakaa nayo. Wise aliongozewa hatua zake za kwanza na Lewton palepale RKO, na aliitengeneza filamu hii kati ya West Side Story na The Sound of Music, jambo ambalo bado linanichekesha. Julie Harris analala gizani akiushika mkono wa mwenzake kwa nguvu huku sauti zikinung'unika ukutani. Taa inawaka na mwenzake yuko kitanda cha upande wa pili wa chumba. Mkono haukuonyeshwa, wala haukuhitajika.

The Changeling, filamu ya Kanada ya mwaka 1980, ina George C. Scott, mtu tuliyemzoea akiamuru majeshi katika Patton. Hapa ni mtunzi wa muziki aliyepoteza mke na binti kwa ajali na kupanga jumba kubwa mno kwa mtu mmoja. Mpira mdogo wa marehemu binti yake unashuka ngazi ukidundadunda. Anauchukua, anaendesha gari mpaka darajani, anautupa mtoni. Anaporudi nyumbani, mpira unashuka ngazi, umelowa. Mwigizaji mwingine angekimbia. Scott anausimamia na kuutazama, na katika uso ule mzito kuna hofu, lakini kuna pia kitu kinachokaribia matumaini, maana aliyefiwa hawezi kukasirika kabisa kwamba kuna anayebisha hodi.

Session 9 ya Brad Anderson, 2001, ilipigwa ndani ya hospitali halisi ya wagonjwa wa akili iliyokwisha kufungwa, Danvers, Massachusetts. Sehemu kubwa ya majengo hayo ilibomolewa miaka michache baadaye. Vibarua watano wanaondoa asbesto. Bosi wao, Gordon, ameahidi kazi kwa muda mfupi usiowezekana kwa sababu ana mtoto mchanga na madeni. Peter Mullan, Mskoti aliyeshinda tuzo ya uigizaji Cannes mwaka 1998, anaigiza uchovu. Sijui kama nimewahi kuona uchovu ukitisha hivyo: mwanamume anayekaa kwenye gari lake nje ya nyumba yake mwenyewe na hashuki. Mwisho kuna damu, kidogo na ya haraka, na naona ingepungua zaidi filamu isingepoteza kitu.

Nimeiacha Lake Mungo nyuma makusudi. Ni filamu ya Australia ya mwaka 2008, ya Joel Anderson, na imejengwa kama makala ya televisheni kuhusu familia ya Palmer ya mji wa Ararat, jimbo la Victoria. Binti yao Alice, wa miaka 16, amezama alipokwenda kuogelea na familia kwenye bwawa. Baada ya mazishi mambo yanaanza kuonekana ndani ya nyumba na kwenye picha. Mama, baba na kaka wanakaa mbele ya kamera na kueleza.

Waigizaji hawakuandikiwa maneno. Walipewa muhtasari wa kisa na tabia za wahusika, wakaulizwa maswali, wakajibu. Wengi wao hawakuwa na majina makubwa hata kwao, na hilo liliisaidia, kwa sababu hakuna sura unayoikumbuka kutoka kwingine. Rosie Traynor, anayeigiza mama, anaongea kama wanavyoongea waliofiwa muda si mrefu: kwa mpangilio, karibu kwa ukavu, halafu sentensi moja inakatika katikati na anatazama pembeni. David Pledger, baba, anasimulia alivyoutambua mwili, na namna anavyoeleza alivyofanya baadaye, jinsi alivyorudi kazini mapema, inaniambia mengi kuliko kilio chochote. Katikati ya filamu tunagundua kwamba baadhi ya picha za mzimu ni za kughushi, zimetengenezwa na mtu wa ndani ya nyumba ileile, na kwa sababu ambayo si ya kitapeli hata kidogo. Filamu nyingine ingeanguka hapo. Hii inazama zaidi, maana sasa swali si kama Alice amerudi. Ni kwamba watu waliokaa naye meza moja miaka 16 hawakumjua.

Kisha inakuja video ya simu, iliyofukuliwa katika ziwa kavu ambalo limeipa filamu jina. Ni picha mbovu, ya chembechembe, ya gizani, na mtu anatembea kuja mbele. Sitasema anayekuja ni nani. Ni picha pekee ya kutisha kwa maana ya kawaida katika filamu nzima, na nguvu yake imekopwa yote kutoka kwenye saa nzima ya mahojiano tuliyokwisha kuyasikiliza. Ukiikata na kumwonyesha mtu peke yake, atakuuliza ndiyo hiyo?

Marekani, Lake Mungo ilifika mwaka 2010 ikiwa imefungwa katika kifurushi cha tamasha la After Dark Horrorfest, lililojitangaza kwa ahadi ya filamu nane za kufa nazo. Ahadi hiyo haikuifaa hata kidogo. Aliyelipa kuona watu wakikatwa alikuta mama wa makamo akieleza jinsi alivyokuwa akiingia katika nyumba za watu usiku ili tu kuonja maisha ambayo si yake. Joel Anderson hakutoa filamu nyingine ndefu kwa miaka mingi iliyofuata.

Nikiulizwa pa kuanzia, ningempa mgeni The Innocents, usiku, kwa sauti iliyo juu ya kawaida na simu ikiwa chumba kingine, kwa sababu filamu inaanza kwa skrini nyeusi na wimbo wa mtoto, na wengi hudhani runinga imeharibika. Cat People inafuata vizuri, ni fupi na haichoshi hata asiyezoea picha zisizo na rangi. Carnival of Souls ivumilie dakika 20 za mwanzo. Lake Mungo iwe ya mwisho, na kama kuna msiba nyumbani ambao bado haujapoa, iache kwanza.